Hicho kimeo kiacheni

Ameletwa tena mtoto mchanga aliyekatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kidevu kimerudi nyuma, anakoroma, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi, na bibi yake anashangaa mbona hajapona. Shikamoo bibi, lakini kilichokatwa hakikuwa na kosa.

Hii ni Pierre Robin, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1923. Mimba ikiwa bado changa, taya la chini likibaki dogo, ulimi hukosa pa kushukia. Unakwama juu, katikati ya pande mbili za kaakaa zilizotakiwa kukutana, ndiyo maana wengi wao huzaliwa na kaakaa wazi. Mdomo wa juu huwa mzima, kwa hiyo mpasuko unapita bila kuonekana. Washa tochi, tazama hadi nyuma. Kisu hapo kinaongeza damu, uvimbe na maambukizi kwenye njia ya hewa ambayo tayari ni finyu.

Kinachoziba ni ulimi unaoanguka nyuma. Na hapa hata wenzangu wa wodini wananichosha: mtoto anawekewa oksijeni, oksimita, kile kifaa kinachopima oksijeni ya damu, inasoma vizuri, basi, yamekwisha. Oksijeni haifungui njia! Namba inapanda, mtoto bado anahangaika, na hewa ukaa inarundikana mwilini, kitu ambacho oksimita haikioni kabisa. Mgeuze kwanza. Akilala kifudifudi ulimi unakuja mbele. Najua tunawafundisha kina mama kulaza watoto chali. Huyu ana sheria yake, na lazima awe chini ya uangalizi usiku kucha. Ikishindikana, mrija laini unapitishwa puani hadi nyuma ya ulimi. Wachache huishia kwenye upasuaji wa kurefusha taya, au tundu la koo.

Halafu baridi yetu. Julai ya Makete, mtoto anaviringishwa blanketi na vitenge mpaka kidevu kinagusa kifua. Mfunikeni, ila shingo inyooke.

Maziwa ya mama hayana shida. Mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta, basi. Kamua, mpe kwa kikombe au kijiko, akishindwa awekewe mpira wa puani hadi tumboni. Mlo ukipita nusu saa anachoma nguvu nyingi kuliko anayoingiza.

Vitabu vinapenda kusema taya litakua lenyewe. Kwa baadhi, ndiyo. Mimi nikimtazama mchanga siwezi kukwambia yeye ni yupi. Na hizo namba za oksimita: Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hata watoto wazima husoma chini kidogo kuliko wa Dar es Salaam, kwa hiyo asilimia 92 ya hapa huniacha njia panda. Naangalia kifua, nasikiliza mkoromo, ndipo naamua rufaa.

Macho nayo yapimwe. Baadhi yao wana ugonjwa wa kurithi uitwao Stickler, na huo unaweza kuwapofusha huku wote tumekazana na kidevu.