Pampu ya joto au jiko la kuni? Nionyeshe kwanza kuni zako

Nikiitwa kutoa ushauri wa kupasha nyumba joto, siingii sebuleni moja kwa moja. Nazunguka nyuma kutazama kuni. Nachukua vipande viwili, navigonganisha. Vikilia kwa sauti kali na ncha zake zina nyufa, tunaweza kuzungumza habari za jiko. Vikitoa kishindo kizito kilichofifia, najua mwenye nyumba anajiandaa kuchoma maji.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo sharti yageuke mvuke kwanza ndipo ukuni uwake sawasawa. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 ina nishati ya kilowati-saa 4 hivi. Kuni mbichi, kama 2. Tena moshi wa kuni mbichi hugandia ndani ya dohani, ukawa masizi yanayonata kama lami, na siku moja masizi hayo hushika moto. Kukausha kuni ni kazi ya mwaka mzima, miti migumu hata miaka miwili, chini ya paa, ubavuni pawe wazi upepo upite. Asiye na nafasi wala subira hiyo, mimi simfungii jiko.

Pampu ya joto, mashine ya umeme inayonyonya joto la hewa ya nje na kuliingiza nyumbani, wengi huishuku: italitoa wapi joto, nje kukiwa na barafu? Pitisha mkono nyuma ya friji yako. Lile vuguvugu limetolewa ndani, kwenye baridi. Pampu nyingi mpya huzungusha ndani yake gesi ya propani, ambayo kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa kitu cha namna hiyo, hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri bado ina joto la kunyonywa. Kompresa inaibana gesi, inapata moto, joto linaingizwa ndani. Umeme unaoulipia ni wa ubebaji tu: yuniti 1, yaani kilowati-saa moja, huleta joto la yuniti 3 hivi, pengine 4 kukiwa na baridi ya wastani, na 2 baridi ikikaza.

(Kila msimu napigiwa simu: “Fundi, mashine inafuka moshi!” Ni mvuke. Inayeyusha barafu iliyoshika mapezi yake ya nje, vile vibati vyembamba vinavyonyonya joto la hewa. Iache dakika chache.)

Sasa hesabu. Jiko zuri la mlango wa kioo huingiza nyumbani kama robo tatu ya nishati ya kuni, yaani kilowati-saa 3 kwa kila kilo kavu. Pampu hutoa kiasi hichohicho kwa yuniti moja ya umeme. Basi linganisha bei ya kilo ya kuni kavu na bei ya yuniti. Ndiyo njia yangu ya mkato. Ukipata kuni za bure, usisahau kuutoza mgongo wako.

Lakini bei haimalizi shauri. Pampu hupenda kupasha maji yawe ya vuguvugu tu, nyuzi 35 hadi 45, yapite kwenye mabomba ya sakafuni au radieta kubwa, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto. Nyumba inayovuja upepo hudai maji ya moto zaidi, na hapo bili inapanda. Washa mshumaa karibu na fremu ya dirisha siku ya upepo. Mwali ukicheza, ziba kwanza. Jiko nalo hupasha chumba lilipo, vyumba vya kulala vikabaki vinatetemesha. Ukinunua kubwa kupita kiasi, utaishia kulibana hewa, kuni zifukute na kioo kiwe cheusi. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu, hata sibishani: pampu.

Kwangu pampu ndiyo inayofanya kazi kila siku. Jiko dogo liko sebuleni kwa sababu moja tu: umeme ukikatika, pampu ni sanduku la chuma lililosimama nje.