"Any amount, sir" si adabu

Nafundisha Kiingereza cha usaili hapa Mtwara mjini. Wanafunzi wangu wengi wanawinda nafasi bandarini, kwenye gesi kule Madimba, kwenye saruji au kwenye mashirika. Kila kundi jipya likija nauliza lile swali, "What are your salary expectations?", na kila mara kuna anayeinamisha kichwa, anatabasamu na kunijibu: "Any amount, sir." Nimechoka kulisikia.

Dhana: ukitaja kiasi utaonekana una tamaa.

Ukweli: aliyekuuliza bajeti anayo tayari. Anataka kujua kama mnaendana kabla hamjapotezeana muda. Ukimwambia "any amount" amekuelewa kwamba hujaulizia kazi hiyo inalipa vipi, na pengine kwamba utahama mara tu ukipata pengine. Kinachonikera zaidi ni kwamba hawa ni watoto wa wakulima wa korosho. Oktoba 2018, Tandahimba na Newala, wazee wao walizikataa bei za wanunuzi mnadani, mchana kweupe. Korosho ina bei, stashahada yako haina?

Jibu liwe fupi: "For this role, I'm looking for between nine hundred thousand and one point one million a month, gross." Kisha nyamaza. Hapo napo wananiudhi. Mtu anataja kiasi vizuri kabisa, chumba kinakuwa kimya kidogo, anatishika na kuongeza "but even less is okay." Amejipunguzia mwenyewe na hakuna aliyemwomba! Funga mdomo, mwanangu, zamu ni yao.

Hiyo gross nayo usiiache, maana wewe unahesabu za mkononi na mwajiri anahesabu za kabla ya makato. Chukua mshahara wa milioni moja. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ukikatwa asilimia 10 ni 100,000, kodi ya mapato (PAYE) kwenye kinachobaki ni 103,000, unabaki na 797,000. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, inaondoka asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000 nyingine. Mkononi umebaki na 647,000. Kwa hiyo uliyepanga kutaja laki saba huku unapiga hesabu ya chumba Shangani na nauli, kaa chini uhesabu upya.

Dhana: lazima Kiingereza kiwe kizito.

Wapi! Sijaona aliyepewa kazi kwa sababu alisema "remuneration". Sema "salary" tu. Kinachowaangusha ni tarakimu: kichwani kuna laki nane na nusu, ulimi unagoma. Tamka "eight hundred and fifty thousand" kwa sauti mpaka itoke yenyewe, hata kwenye bajaji, abiria wakushangae wapendavyo.

Dhana: ongeza chumvi kwenye mshahara wa kazi ya zamani.

Wapo waajiri wanaoomba salari slipu. Ukinaswa, kazi imekwenda na jina limekwenda. Usipotaka kuusema, kuna njia ya heshima: "I'd prefer to talk about what this role pays."

Dhana: wakishataja wao, mjadala umekwisha.

Kiasi kikigoma, uliza bima ya afya, nyumba na usafiri, hasa kituo kikiwa nje ya mji. Gari la kazini la kwenda na kurudi kila siku ni fedha ambayo haitoki mfukoni mwako. Na wasipogusa mshahara kabisa hadi mwisho, ruksa kuuliza wewe: "May I ask what salary range you have for this position?" Ila usianze nalo, hata salamu haijapoa.

Haya yote ni ya sekta binafsi na mashirika. Kazi za serikali ngazi ya mshahara huwa imeandikwa kwenye tangazo lenyewe, TGS kadhaa, na jopo la usaili halina mamlaka ya kukuongezea hata shilingi. Huko jiandae kwa maswali ya taaluma yako.