“Moja ikizima, nyingine itatufikisha”

Hakuna kauli inayochosha kama hii. Wanaitoa abiria, wanaitoa wanafunzi, na hata marubani wenye saa za kutosha za injini moja wanaokuja kuongeza daraja la injini mbili. Wote wanaamini kindege cha pistoni chenye injini mbili ni salama maradufu.

Injini ya pili hubaki, sawa. Ila ndege haipandi kwa nguvu zake zote. Hupanda kwa ziada, ile inayosalia baada ya kushinda ukinzani wa hewa. Chukua Piper Seminole, nguvu-farasi 180 kila upande. Ikiwa na uzito kamili, usawa wa bahari, hupanda kama futi 1,340 kwa dakika. Zima moja, unabaki na 200 na ushei. Umepoteza nusu ya nguvu, lakini zaidi ya asilimia 80 ya kupanda. Na hesabu hiyo ni ya nyuzi 15, baridi ambayo Mombasa huipati mchana.

Sasa ipeleke uwanja wa Wilson, Nairobi, futi 5,500 hivi juu ya bahari. Kimo ambacho Seminole yenye uzito kamili bado hupanda futi 50 kwa dakika kwa injini moja ni 3,800. Yaani hapo uwanjani tu umeshakipita! Iliyobaki haikupandishi, inakupunguzia mwendo wa kushuka. Wala mtengenezaji hakudanganya: kanuni za Marekani hazikuzidai ndege za pauni 6,000 kushuka chini, ambazo mbawa zake huacha kubeba kwa noti 61 (maili za baharini kwa saa) au pungufu, zipande kwa injini moja. Zilitaka namba ijulikane tu, hata ikiwa hasi.

Kwa hiyo amua kabla ya kusukuma wenzo wa nguvu. Magurudumu yako chini na njia bado ipo mbele? Funga zote mbili, tua. Ukishapita hapo: nguvu zote mbele, flapu juu, magurudumu juu. Mguu usiosukuma pedali uko upande wa injini iliyokufa. Hakikisha kwa kurudisha wenzo wake taratibu, kusipobadilika kitu ndiyo yenyewe. Laza propela yake, yaani geuza makali ya mapanga yaelekee upepo, mara moja, maana inayozungushwa na upepo ni breki, na ikishuka chini ya mizunguko 950 kwa dakika pini huibana, hailali tena. Inamisha bawa nyuzi 2 au 3 upande wa injini nzima, shika noti 88. Kasi ikikaribia mstari mwekundu, ambao chini yake usukani hauishiki tena ndege kwa injini moja, shusha pua na upunguze nguvu. Heri shamba la mtu, mbawa zikiwa sawa, kuliko kupinduka.

Mengine kwa haraka. “Kupaa ni mafuta kamili daima,” yaani mchanganyiko wa mafuta na hewa uwe mzito. Si Wilson, kama injini haina turbo, kisukuma hewa cha injini: itakohoa na plagi zitashika masizi. Punguza kama kitabu kinavyosema. Yenye turbo, acha kamili.

“Inchi zisizidi mamia ya mizunguko,” yaani inchi za shinikizo la hewa inayoingia injini, kwa mfano 24 kwa mizunguko 2,400. Soma jedwali la injini yako. Nairobi hata ukifungua wenzo wote, isiyo na turbo haifiki inchi 25.

“Ndege ya 1979 imezeeka.” Uliza saa za injini, na kama imelala pwani kwenye chumvi.

“Imeandikwa Turbo, basi ni mafuta ya taa ya ndege.” Hii inaua. Turbo ya pistoni isiyo ya dizeli hunywa avgasi, petroli ya ndege, ya bluu. Simama wakati wa kujaza, kisha dondoshea tone la sampuli kwenye karatasi nyeupe: avgasi hukauka ikaisha, mafuta ya taa huacha doa la grisi.