Kipimo cha Spurling cha shingo ni kitu gani

Huku Dodoma mtu akienda hospitali na shingo inayouma anategemea aandikiwe eksirei fasta, sasa daktari akianza kumgeuzageuza kichwa na kukikandamiza anatoka analalamika hajapimwa, kashikwashikwa tu. Jamani, huko kushikwa ndo kupimwa kwenyewe, kunaitwa kipimo cha Spurling, na mara nyingi kunaonyesha kitu ambacho eksirei haionyeshi.

Iko hivi. Shingo ina pingili 7, na kati ya pingili zinatoka jozi 8 za mishipa ya fahamu, na zile za chini ndo zinashuka begani mpaka vidoleni. Diski, yaani kile kimto cha kati ya pingili, ikitokeza au mfupa ukiota kinundu kwa sababu ya umri, tundu unapopita mshipa linabana. Daktari anakukalisha, anakulaza kichwa upande unaouma na kukirudisha nyuma kidogo, halafu anakandamiza utosi taratibu, na lile tundu linazidi kubana. Maumivu yakishuka mkononi kama shoti ya umeme, au ganzi ikaja, kipimo kimejibu. Shingo peke yake ikiuma haihesabiki, na hapa ndo wengi wanachanganya, maana mbeba magunia wa pale soko la mahindi Kibaigwa anaweza kuumwa shingo vibaya sana na ikawa ni misuli tu imekaza. Spurling na Scoville, madaktari wa Marekani, walikieleza mwaka 1944 na mpaka leo kinatumika.

Ukiulizwa usiseme tu "mkono unauma", taja kidole. Ganzi ya dole gumba mara nyingi ni mshipa wa 6 wa shingo kuhesabu kutoka juu, kidole cha kati wa 7, kidole cha mwisho wa 8, yaani unamrahisishia daktari nusu ya kazi.

Kipimo kikijibu kinaaminika, ila kisipojibu haina maana mshipa ni mzima, ndo maana wanakuvuta pia kichwa kwenda juu waone kama unapata nafuu, wanapima nguvu za mkono na kugonga kiwiko kwa kinyundo.

Naomba sana msijaribiane nyumbani. Na aliyeanguka na bodaboda asiguswe shingo kwa kipimo hiki mpaka picha ithibitishe hakuna mfupa uliovunjika. Ukiona miguu inalegea, vifungo vya shati vinakushinda au mkojo unakutoka wenyewe, hapo inawezekana uti wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, ndo unabanwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usianze na kuchuliwa.