Bunju kafika nyumbani, sasa muache atulie

Juzi usiku nimepigiwa simu na dada mmoja wa Chumbageni hapa Tanga, sauti inatetemeka kabisa, ananiambia kaka, bunju wangu, yule samaki wa kuvimba nilomtoa Dar, hali chakula, leo siku ya tatu, kajibanza kwenye kona na tumbo lake lile jeupe limekuwa jivujivu, nimfanyeje? Nikamuuliza kitu kimoja tu, tanki umelijaza maji lini. Akasema siku ileile alomleta. Basi nikajua hapo mgonjwa ni maji, samaki anaonyesha tu.

Nimeanza na hili kwa sababu nakutana nalo kila mara na linaniuma. Tanki jipya hata maji yake yang'ae vipi bado halijawa nyumba ya samaki. Kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, amonia inachoma matamvua, na wale bakteria wa kuigeuza iwe naitraiti halafu naitreti wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye filta, lile chujio la maji ya tanki. Samaki wengine wanaweza wakavumilia kidogo, bunju hapana, yeye hana magamba ya kumkinga kama wenzie halafu ni mla nyama, anachafua maji kweli kweli. Kwa hiyo amonia iwe 0, naitraiti 0, na naitreti mimi sipendi ipite miligramu 20 kwa lita. Kile kikiti cha kupimia maji kinunue kabla hujamnunua samaki, usiseme nitanunua mwisho wa mwezi.

Na ujue umeletewa bunju gani, maana kuna wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama yule mdogo wa India asiyezidi sentimita 3 na nusu, kuna wa mdomoni mwa mto ambao wanataka nusu chumvi nusu baridi, na kuna wa baharini. Hata Ziwa Tanganyika yupo wa kwake, yule mkubwa anaitwa mbu, anapita sentimita 60, huyo kwa nyumba ya kawaida msahau. Wa dada alikuwa wa bahari, wa madoadoa meupe, sasa hivi ni kama kidole gumba lakini akikua anafika karibu nusu mita, hilo nalo muuzaji hakumwambia.

Kumuingiza kwenye tanki ndo pagumu. Mimi natumia mpira wa dripu, uleule wa hospitali, unapatikana duka la dawa, una kile kigurudumu cha kubana. Samaki na maji yake unamweka kwenye ndoo, mpira unautoa kwenye tanki unadondosha matone mawili matatu kwa sekunde, kama saa moja hivi maji ya ndoo yanakuwa yamefanana na ya tanki. Ila kama kasafiri kwenye basi masaa mengi ndani ya mfuko usikae hivyo, kwa sababu ukishafungua mfuko ile hewa ya kaboni dioksaidi inatoka, maji yanabadilika na amonia iliyojikusanya mle inakuwa kali ghafla, hapo sawazisha joto, hakikisha chumvi ya tanki haijapishana sana na ya mfuko, kisha mhamishe upesi.

Na mhamishe kwa kopo au bakuli, ndani ya maji, usimnyanyue kwa wavu. Nakuomba sana kwenye hili. Mwaka wangu wa kwanza nilimnyanyua mmoja kwa wavu, akashtuka akameza hewa, akavimba akawa anaelea tumbo juu hawezi kuzama. Akivimba kwa maji anayatema mwenyewe, hewa inamshinda. Nilimshika chini ya maji, mdomo juu mkia chini, bila kumkamua, nikasubiri mpaka mapovu yakaanza kutoka moja moja. Alipona, lakini ile nusu saa siisahau, na ndo maana nikiona mtu anamchokoza bunju avimbe watoto wafurahi nakasirika, kuvimba kwake ni hofu ya kufa.

Wa bahari, maji sisi Tanga tunayo bure, ila chota bahari ikiwa imejaa, upande wa Raskazone mbali na bandari, na wakati wa masika acha kabisa maana Mto Sigi na Mkulumuzi inamwaga maji baridi na tope kwenye ghuba. Haidromita, kile kipimo cha chumvi, isome 1.020 mpaka 1.025. Hita hapa kwetu haina kazi kubwa, shida ni joto la Februari, elekeza feni juu ya maji, na yakipungua kwa kukauka ongeza maji baridi yasiyo na klorini, usiongeze ya bahari, chumvi haikauki.

Chakula siku ya kwanza usimpe. Taa zima, weka mawe au vyungu ajifiche. Baadaye mpe vyenye gamba, konokono, kombe, kaa wadogo, kwa sababu meno yake manne yameungana kama mdomo wa kasuku na hayaachi kukua, akila kamba waliomenywa kila siku yatarefuka mpaka mdomo usifunge, na kuyakata ni mpaka umlaze kwa mafuta ya karafuu, kazi ambayo usiijaribu kwa mara ya kwanza peke yako. Akifa mfukie, paka asimpate, na kama wazee wanavyosema bunju haliwi, sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Yule dada nilimpelekea sponji kutoka kwenye filta yangu ya zamani, imejaa bakteria, nikamwambia asiioshe, na kila siku abadilishe robo ya maji. Siku ya tano kanitumia voisi, unasikia konokono anavunjwa, kro, kro, na yeye pembeni ananong'ona "anakula, kaka, anakula". Amonia bado haijafika 0, Jumamosi naenda kupima tena.