Kahawia ya udongo ukutani: "joto" lake ni lipi?

Mwambie muuzaji wa duka la rangi "nataka brauni", naye atakufungulia kitabu cha rangi na kukuuliza: brauni ipi? Hapo ndipo tunapoanza kunyoosha vidole. Kama chai ya maziwa. Kama chokoleti. Kama ugoro. Kama udongo wa kule kwetu. Hata jina la shuleni, kahawia, limetoka kwenye kahawa. Tangu mwanzo rangi hii tunaitaja kwa kuonyesha kitu. Siku hizi wapambaji wa nyumba wanaiita kahawia ya udongo yenye joto, na maneno hayo mawili, udongo na joto, kila moja lina kazi yake.

Tuanze na joto, maana ndilo linalowachanganya watu, hasa wa Pwani ambao joto walilonalo linawatosha. Ukuta wa kahawia wa ndani hauchemshi chumba. Kinachochemsha chumba ni bati na dirisha lisilopitisha upepo. Joto linalosemwa hapa ni la macho: nyekundu, njano na rangi ya chungwa huitwa rangi za joto kwa sababu ziko upande wa moto, buluu na jamaa zake huitwa baridi. Kahawia yenyewe haimo kabisa kwenye upinde wa mvua. Ni rangi ya chungwa iliyofifishwa, ikaonekana ni kahawia kwa sababu imezungukwa na vitu vinavyong'aa kuliko yenyewe. Ukitaka kuhakikisha, viringisha karatasi nyeusi iwe kama mrija, chungulia ukuta wa kahawia uliomulikwa vizuri, usione kitu kingine chochote. Baada ya muda kile kiduara kitaanza kuelekea chungwa. Ondoa mrija, kahawia inarudi.

Ndiyo maana ndani ya kila kahawia kuna rangi nyingine iliyojificha, na hiyo ndiyo inayoamua. Ikiwa na wekundu au njano, ni ya joto. Ikitiwa kijivu au kijani kidogo, inapoa, hata kama kwenye kopo imeandikwa jina tamu la udongo. Kipande kimoja cha sampuli ya rangi, peke yake, hakikwambii kitu. Weka viwili kando kando juu ya karatasi nyeupe ya daftari, utaona mara moja kimoja kinavuta kwenye tofali na kingine kwenye matope ya mtoni.

Udongo nao si neno la kupamba tangazo. Wekundu wa barabara zetu za vumbi unatokana na chuma kilichoungana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu, na madini hayo ndiyo rangi ya binadamu tangu kale. Michoro mingi ya miambani kule Kondoa, katikati ya Tanzania, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni ya wekundu wa namna hiyo. Italia, udongo wa njano iliyoiva kutoka eneo la Siena ulibeba jina la mji wenyewe, na wachoraji walijua kwamba ukiuchoma unageuka kahawia nyekundu. Aliyewahi kukaa karibu na tanuri la matofali analijua hilo bila kufundishwa: tofali linaingia limepauka, linatoka jekundu. Moto unafukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya njano, yanabaki mekundu. Udongo ukiwa na manganizi, metali nyingine, ndani yake, rangi inakuwa nzito kama kahawa chungu.

Rangi ya kopo ya leo bado inategemea oksaidi hiyo ya chuma, ingawa nyingi hutengenezwa kiwandani badala ya kuchimbwa. Ni ileile inayochanganywa na saruji kwa ajili ya sakafu nyekundu za nyumba za zamani, zile zilizosuguliwa kwa nta mpaka ukaona kivuli chako. Haishindwi na saruji, na jua haliipausi kwa urahisi. Mimi huona hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kuichagua kuliko habari za mitindo, japo mitindo nayo imefika: Pantone, kampuni inayopanga na kutaja rangi kwa namba, walitangaza kahawia yao ya Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka 2025.

Waliokulia kwenye nyumba za kusiriba watacheka. Tulihangaika kuachana na ukuta wa udongo, tukapiga lipu, tukapiga skimu (ule upako laini wa juu ya lipu), tukapaka nyeupe, na sasa tunamlipa fundi aturudishie udongo. Shangazi yangu aliponikuta nachagua, aliuliza kama hela ya rangi imeniishia njiani. Kwake yeye kahawia ni ule mkanda wa chini wa ukuta wa nje, unaopakwa rangi ya mafuta ili tope linalorushwa na mvua lisionekane. Na kweli, kwa miaka mingi kazi ya kahawia ukutani ilikuwa kuficha uchafu. Kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja, uzuri wa kahawia ulikuwa kwenye mbao: milango, boriti, makabati, huku ukuta wenyewe ukiachiwa chokaa.

Kinachoiharibu kahawia nzuri kuliko vyote ni taa. Yangu niliichagua dukani mchana, mlangoni, kwenye mwanga wa jua, ilikuwa kama tofali lililopikwa vizuri. Sebuleni asubuhi, dirisha linapopokea jua, bado ilikuwa hivyo. Usiku nilipowasha taa, ukuta mzima ukawa chai ya jana. Angalia boksi la balbu: kuna namba inayoishia na herufi K. 2700 au 3000 ni ule mwanga wa njano kama wa kibatari. 6500 ni mweupe wa kuelekea buluu, na ndio uliojaa madukani. Mwanga wa buluu ukipiga ukuta wenye wekundu, wekundu unapata kidogo tu cha kurudisha, unabaki umenuna. Nilibadilisha balbu, sikubadilisha rangi. Wewe usianze na kosa hilo: nunua kopo dogo, paka kipande kikubwa cha boksi mara mbili, kiegemeze ukutani, kiangalie asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka.

Wengi husema chumba kidogo kisipakwe kahawia. Sikubaliani nao moja kwa moja. Chumba cha kulala kidogo, chenye giza la kupendeza, kinaweza kukukumbatia. Korido isiyo na dirisha, hapana, itakuwa handaki.

Kuhusu vitu vya kuambatana nayo, shida kubwa ni samani. Sofa la kahawia, kabati la mninga na pazia la kahawia mbele ya ukuta wa kahawia vinamezana vyote, unabaki unatafuta kochi kwa kupapasa. Mninga una wekundu wake, kwa hiyo nyuma yake weka kahawia iliyo nyepesi sana au nzito sana kuliko mbao, isilingane nayo. Dari na fremu zipake nyeupe ya maziwa. Nyeupe pee huukata ukuta kama kisu. Mkeka wa ukili, jani moja kubwa la kijani kwenye chungu, sinia la shaba: hapo panatosha.

Kwa umaliziaji, isiyong'aa ndiyo inayokaa kama udongo kweli, ila alama za vidole vya watoto zitakaa nayo. Inayong'aa inafutika kirahisi, lakini kila kovu la skimu litajitokeza, na kwenye rangi nzito hujitokeza zaidi. Mimi hupenda ya katikati, yenye mng'ao mdogo. Na kama ukuta utakula zaidi ya ndoo moja, mwambie fundi azichanganye zote kwenye chombo kimoja kabla ya kuanza. Ndoo mbili zilizochanganywa siku tofauti hutofautiana kidogo, na ukuta huonyesha mstari pale ndoo ya kwanza ilipoishia. Wangu uko nyuma ya kabati.