Jetipaki kwa safari ya kazini: mafuta, urefu na sheria

Je, jetipaki, yaani ule mtambo wa injini unaovaliwa mwilini na kumnyanyua mtu kutoka ardhini, imeshafika mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuruka nayo asubuhi kwenda kazini? Kununua inawezekana, kwa mwenye fedha nyingi na nafasi ya kujifunza. Kuitegemea kwa safari ya kila siku, bado. Mafuta yake huisha kwa dakika chache, na huruka katika urefu ule ambao injini ikizimika hakuna kifaa kinachowahi kumwokoa aliyeivaa. Anayeyaelewa mambo haya mawili atajua kupima tangazo lolote la jetipaki atakaloletewa.

Historia yenyewe ni ya dakika, na mwanzoni ilikuwa ya sekunde. Tarehe 20 Aprili 1961 Harold Graham aliruka bila kamba akiwa amevaa mtambo wa kampuni ya Bell ya Marekani. Alikaa hewani sekunde 13 na kusafiri mita 34 hivi. Mtambo huo ulitumia haidrojeni peroksaidi kali iliyopitishwa kwenye nyavu za madini ya fedha, ikageuka papo hapo kuwa mvuke wa moto na oksijeni. Tangi likijaa, muda wa kuruka ulikuwa takriban sekunde 21. Mtambo wa aina hiyohiyo ndio ulioonekana ukitua uwanjani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na muda wake hewani ulikuwa ni uleule.

Jetipaki za sasa zimeachana na peroksaidi. Zinatumia injini ndogo za jeti, za ukubwa ambao mtu hubeba moja kwa mikono miwili, na mafuta yake ni ya taa, ya ndege au dizeli. Vazi la Richard Browning wa Uingereza, kwa mfano, lina injini tano, mbili kila mkono na moja mgongoni. Novemba 2019 alifikia mwendo wa kilomita 136.891 kwa saa nalo, rekodi iliyosajiliwa huko Brighton. Kwa kasi hakuna ubishi. Muda ndio haba.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo matangazo mengi hunyamaza. Chukua mtu wa kilo 80. Mtambo mtupu una kilo 30 hivi. Lita 20 za mafuta ya taa zina kilo 16. Jumla ni kilo 126, nazo zinahitaji msukumo wa takriban nyutoni 1,240 ili kuelea tu, bila kupanda. Ongeza asilimia 20 ya akiba kwa ajili ya kupanda na kujisahihisha, unafika nyutoni 1,500. Injini ndogo za jeti zikifanya kazi ya kuelea kwa uzito huo hunywa takriban lita 4 kwa dakika. Tangi la lita 20 basi ni dakika 5. Lakini hakuna rubani mwenye akili timamu anayemaliza tangi akiwa angani. Ukiacha akiba ya kutua salama na ya kuzunguka kizuizi, unabaki na dakika tatu na nusu. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa umekwenda kilomita tatu na nusu, umbali ambao mtu hutembea kwa miguu kwa dakika 45. Na umetumia lita 4 kwa kila kilomita moja. Gari dogo linalokula lita 8 kwa kilomita 100 lingefika kilomita 50 kwa mafuta hayohayo.

Kwa nini ulaji huo? Kitu chochote kinachoelea hewani bila mabawa hujibeba kwa kusukuma hewa chini. Msukumo hupatikana ama kwa kusukuma hewa nyingi polepole, ama hewa kidogo kwa kasi kubwa. Ukipunguza hewa kwa nusu, lazima uiongezee kasi mara mbili ili ubaki na msukumo uleule; na kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa kasi, gharama ya nishati inakuwa maradufu. Helikopta ina pangaboi pana, inashika hewa nyingi. Jetipaki inatoa moshi kupitia matundu ya upana wa kiganja, kwa mamia ya mita kwa sekunde. Ufundi wa injini unaweza kuongezwa kidogo, lakini kanuni hii haibadiliki. Anayekuahidi nusu saa hewani kwa injini za jeti zilizofungwa mwilini bila mabawa, muulize mafuta hayo atayabeba nani.

Safari ya Franky Zapata ilionyesha hesabu hii wazi. Julai 2019 Mfaransa huyo alijaribu kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza akiwa amesimama juu ya ubao wenye injini za jeti, mafuta yakiwa mgongoni. Umbali wote ni kama kilomita 35, kwa hiyo ilimlazimu atue juu ya chombo katikati ya bahari kujaza mafuta. Alikosa kutua sawasawa akaanguka majini. Tarehe 4 Agosti alirudia, akatua, akajaza, akafika ng'ambo kwa dakika 22. Ni ushujaa mkubwa na ufundi wa hali ya juu. Lakini tazama kilichohitajika: bahari wazi chini yake, chombo cha kujazia mafuta, na waokoaji karibu.

Sasa urefu, jambo tunalolipa uzito kuliko yote. Ndege ikizimika injini huteleza hewani kwa mabawa yake. Helikopta ikizimika, pangaboi huendelea kuzungushwa na upepo wa kushuka, na rubani aliyefunzwa hutua. Jetipaki haina kimoja wala kingine. Msukumo ukikatika, unaanguka kama ulivyo. Kutoka mita 3 unagonga chini kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 10 ni kilomita 50. Kutoka mita 20 ni kilomita 71, na safari nzima ya kuanguka ni sekunde mbili. Parachuti ya dharura, hata ile inayorushwa kwa baruti, inahitaji makumi ya mita ili ifunguke na kushika hewa. Kwa hiyo eneo la chini sana lina nafuu, na eneo la juu sana lina nafuu kwa mwenye parachuti. Katikati, tuseme kati ya mita 5 na mita 50, ndipo pabaya kabisa. Na msafiri wa mjini anayetaka kupita juu ya mapaa, miti na nyaya za umeme atapita humohumo. Ndiyo sababu maonyesho mengi hufanyika mita moja au tatu kutoka ardhini, au juu ya maji. Maji nayo yana hatari yake: mtu aliyefungwa mtambo wa kilo 30 huzama, hivyo boya linalojijaza lenyewe na kifungo cha kujivua kwa mkono mmoja ni lazima.

Hata mabingwa hawakusalimika. Februari 2020 Vincent Reffet, aliyetumia bawa lenye injini za jeti, aliruka kutoka ardhini huko Dubai hadi urefu wa mita 1,800. Novemba mwaka huohuo alifariki akiwa mazoezini.

Wapo watakaonunua kwa michezo au kwa kazi maalumu, na kwao yapo mambo ya kiufundi yasiyosamehe. La kwanza ni mafuta yenyewe. Injini nyingi ndogo za jeti hazina tangi la oili. Beringi zake hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya mafuta, kwa kawaida asilimia 5, yaani lita 1 kwa lita 20. Ukisahau, beringi zinazozunguka mara laki moja kwa dakika huungua ndani ya muda mfupi. Mafuta yapite kwenye chujio kila unapojaza. Na mpira wa mafuta uukague kwa macho, kwa utaratibu, kuanzia tangini hadi kwenye injini: kiputo kimoja cha hewa kikifika kwenye chemba ya kuchomea, moto huzimika, na injini haiwaki tena kabla hujafika chini.

Uwanja wa kuondokea uwe mgumu na uliofagiwa. Kokoto moja ikivutwa na injini hukata vipepeo vya mbele. Majani makavu hushika moto, kwa kuwa moshi unatoka ukiwa na joto la nyuzi 600 hadi 700 za Selsiasi, na lami hulainika ukisimama mahali pamoja. Kuwasha huchukua nusu dakika au zaidi: mota ya umeme inazungusha injini, plagi inapata moto, mafuta yanaingia kidogo kidogo, kisha injini inajishika yenyewe. Ukiona ulimi wa moto mrefu nyuma, zima. Mafuta yamekusanyika ndani bila kuchomeka. Ukimaliza kuruka usikate umeme mara moja, maana mota hiyo huendelea kuizungusha injini ili kuipoza, na kuikatiza ni kuziua beringi kwa joto lililobaki.

Jambo linalowashinda wanafunzi wengi ni kuchelewa kwa injini. Ukiongeza mafuta, msukumo haupandi papo hapo. Hupita sekunde moja hadi kadhaa, kutegemea ulikuwa umeishusha kiasi gani. Anayeshuka haraka akangoja kuongeza mafuta karibu na ardhi amechelewa. Kwenye mitambo ya mikononi kuna mtego mwingine. Mikono ikielekea chini wima, msukumo wote wa injini zake unabeba uzito. Ukiipanua nyuzi 30, asilimia 13 ya nguvu hiyo ya kunyanyua inapotea. Nyuzi 45, asilimia 29. Sasa fikiria binadamu anayehisi anapoteza mizani hufanya nini: hutanua mikono. Mwili wenyewe unamwangusha. Kuliondoa zoea hilo kunahitaji mazoezi mengi ukiwa umefungwa kamba inayoning'inia juu, chini ya mkufunzi, kabla ya kuruhusiwa kuruka huru. Usikubali mafunzo yasiyo na hatua hiyo ya kamba.

Hewa nayo huhesabiwa. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko usawa wa bahari, na siku ya joto la nyuzi 35 inapungua tena kama asilimia 6 kulinganisha na nyuzi 15. Ile akiba ya msukumo ya asilimia 20 tuliyoiweka imekwisha kabla mtu hajaondoka chini.

Kelele itakuwa kikwazo cha mitaani hata siku mafuta yakitosha. Karibu na injini inapita desibeli 120, na anayeruka huvaa vizibo vya masikio ndani ya helmeti. Jirani anayelala hana vizibo hivyo.

Kuhusu sheria, kila nchi ina mamlaka yake ya anga, na hiyo ndiyo ya kuulizwa kabla ya kulipa chochote. Marekani inatoa mfano mzuri, kwa sababu huko watu huambiwa kwamba chombo chepesi hakihitaji leseni ya urubani. Ni kweli, lakini kifungu kinachoruhusu hivyo kinataka chombo cha mtu mmoja, kisichofika kilo 115 bila mtu wala mafuta, mafuta yasiyozidi lita 19, mwendo usiozidi kilomita 102 kwa saa, kiruke mchana, kisipite juu ya maeneo yenye makazi mengi wala mikusanyiko ya watu, na kitumike kwa burudani au michezo tu. Kwenda kazini si burudani, na ofisi nyingi ziko mahali penye makazi mengi. Soma masharti yote, usisome lile la leseni peke yake.

Mahali ambapo jetipaki imeonyesha faida ni uokoaji. Septemba 2020 shirika la ambulensi za anga la kaskazini mwa Uingereza lilifanya majaribio na Browning katika milima ya Lake District: mlima ambao mwokoaji angeupanda kwa miguu kwa dakika 25 ulifikiwa kwa sekunde 90. Safari fupi, mlima mkali, mtu mmoja aliyefunzwa, hakuna nyumba chini. Kwa kazi hiyo dakika tano zinatosha.

Kwa msafiri wa kila siku, tumaini lililo karibu zaidi ni vyombo vya umeme vya kiti kimoja au viwili vyenye pangaboi nyingi. Betri ni nzito kuliko mafuta kwa mbali: kilo ya mafuta ya taa ina takriban kilowati-saa 12, ya betri haizidi sana robo ya kilowati-saa moja. Pangaboi pana hufidia sehemu ya pengo hilo. Jetson ONE, yenye mota nane, hukaa hewani kama dakika 20, na mota moja ikifa nyingine hubeba. Helix ya kampuni ya Pivotal ilianza kuuzwa Marekani Januari 2024, bei ikianzia dola 190,000. Oktoba 2023 China iliidhinisha muundo wa EH216-S, chombo cha abiria wawili kisicho na rubani ndani. Hivyo vyote havivaliwi mgongoni, navyo bado vinahitaji uwanja, chaji na njia ya anga iliyoruhusiwa.

Ukiletewa ofa ya jetipaki, omba kwa maandishi muda wa kuruka kwa uzito wako mwenyewe, kwenye mwinuko na joto la unakoishi, pamoja na akiba. Uliza injini moja ikizimika nini kinatokea, na uone ikijaribiwa. Uliza saa za injini kabla ya kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo, nani anafanya, na vipuri vinatoka wapi. Uliza bima ya watu wa chini, si ya mtambo tu. Uwe mwangalifu sana na malipo ya awali ya chombo kisicho na idhini: jetipaki ya Martin ya New Zealand ilionyeshwa kwa umma mwaka 2008 ikisubiriwa kwa hamu, na mwaka 2019 kampuni ilifunga shughuli bila kuwafikia wasafiri wa kawaida.

Na ukikuta mtu anatua karibu nawe, rudi nyuma angalau mita 15, shika watoto, usimsogelee hadi injini zikome kuzunguka kabisa. Akianguka na mafuta yakamwagika na kushika moto, usiyamwagie maji mafuta hayo yanayowaka. Tumia povu au poda kavu. Moto ukiwa ndani ya injini, kizimamoto cha kabonidayoksaidi ndicho cha kwanza. Kabla ya kumgusa aliyeumia, hakikisha injini zimezimwa na umeme umekatwa, kisha mfungue mikanda kuanzia kifuani bila kumgeuza shingo.